Pikipiki ilirudi nyuma kweli, ila sio hivyo alivyowaambia

Haya, kwa vile jamaa yangu kashaamua kuitangaza hii stori kabla hata goti langu halijakauka, na toleo lake lina uongo wa kutosha, ngoja niimalize mwenyewe. Moja, sikulia. Yale machozi yalikuwa ya moshi. Mbili, hakuna ukuta uliogongwa. Tatu, na hili ndo linaniuma, mimi sikuingiza rivasi, pikipiki yenyewe haina rivasi jamani, tulieni.

Mnaikumbuka ile nyekundu ya kizamani niliyowaringishia juzi hapa, mpaka mmoja akaniita mheshimiwa? Sasa ile niliinunua kwa mtu ambaye na yeye aliinunua kwa mtu, makaratasi hakuna anayeyaelewa, ila tangi lina nembo ya Honda, silinda mbili zimesimama pamoja, eksozi mbili, nikasema hii ni CB350 bila ubishi. Nikasugua shingo ya fremu nipate namba, nikasugua na injini, zote mbili zinaanza na 634. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikahitimisha kwamba injini ilipanuliwa, kwa hiyo ninamiliki Honda yenye injini ya ukubwa wa cc 634, na nikaandika hivyo hivyo mbele yenu wote. Ile posti nimeifuta. Msihangaike kuitafuta.

(Nembo ya tangi imeshikiliwa na skrubu mbili. Mbili tu. Mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuifanya pikipiki yoyote iwe Honda.)

Shida ya kwanza, haina kiki, ile pedeli ya kuwashia kwa mguu. Nimezunguka upande wa kulia, hakuna. Kushoto kuna pedeli ya gia tu. Nikasema basi wameivunja huko, nikawa naisukuma ili iwake kwa kusukumwa, naingiza gia naachia klachi, inakoroma mara moja inanyamaza, siku mbili nzima, huyo jamaa yangu anasukuma nyuma mimi nimekaa juu kama bwana harusi. Siku ya pili akapita mzee jirani, fundi mstaafu, mtu wa kutembea taratibu na mikono nyuma. Akasimama, akaangalia muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, mnatafuta nini hapo?"

"Kiki, mzee. Walishaing'oa."

"Si hiyo umeikanyaga?"

Akainama, akaibonyeza ile pedeli ya gia kuelekea ndani kwenye injini, akaizungusha juu. Ikasimama. Ikawa kiki. Jamani. Siku mbili nasukuma chuma wakati kiki ninaikanyaga na buti langu mwenyewe. Jamaa yangu akakaa chini kabisa, chini kwenye udongo, akawa anaangalia tu mbali.

Mzee akaendelea, bila hata huruma. Hii sio Honda, hii ni Jawa 350, ya Chekoslovakia, enzi hizo bado ni nchi moja. Na 634 sio cc, ni namba ya modeli, walianza kuitoa miaka ya 1970. cc zake ni 343. Yaani nikapoteza cc 291 kwa sentensi moja. Kisha akafungua tangi akanusa, akauliza, "Oili umechanganya?" Nikamwambia oili nimeweka, nikamwonesha kizibo. Akasema ile ni ya gia boksi, injini hii ni tustroki, haina oili yake ya kuogelea ndani, inalainishwa na oili unayoichanganya kwenye petroli. Mimi nilikuwa nimeijaza petroli tupu. Akasema shukuru haikuwaka, ingewaka ukaenda nayo, pistoni zingeng'ang'ania kwenye silinda ungelala nayo barabarani. Petroli yote tukaimwaga kwenye madumu, tukachanganya upya, oili 1 kwa petroli 30.

Sasa hapa ndo mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo nilipoharibu. Mzee akasema moto wa plagi unakuja dhaifu, pointi zimechakaa, yaani vile vibati vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, ziko jozi mbili, kila silinda na yake, zinatakiwa zifunguke milimita 0.4, na cheche itoke wakati pistoni imebakiza kama milimita 3 kufika juu. Kesho nakuja na filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, na kipimo, usiguse kitu.

Usiguse kitu. Nilimsikia kabisa.

Usiku nikagusa. Filageji sina, nikatumia kipande cha msumeno wa chuma, maana kwa macho kilionekana kama kinalingana. Hakilingani. Ni kinene zaidi, na pointi zikifunguka sana zinafunguka mapema, na zikifunguka mapema moto unapiga mapema, pistoni ikiwa bado iko njiani inapanda. Haya yote nimeyajua leo. Usiku ule nilijua tu kwamba cheche imekuwa ya bluu na mimi ni fundi.

Asubuhi nikamwita jamaa. Nikawaita na majirani, kwa nini sijui. Mama watoto akatoka na simu kurekodi, watoto wamepanda kwenye ndoo zilizogeuzwa ili waone vizuri. Mimi helmeti, glavu, jaketi la ngozi, jua lile. Nyuma yangu, hatua kama tano hivi, kamba ya nguo imejaa mashuka, na chini yake beseni kubwa la maji ya kusuuzia. Mbele yangu kumefagiliwa, kumesafishwa, njia imenyooka, kila mtu kajipanga pembeni kupisha.

Nikapiga kiki. Ikanirudishia mguu, ikanipiga kwenye muundi mpaka nikaona nyota mchana. Kumbe ile ndo ilikuwa barua ya onyo. Kiki ya pili nikawa nimeshaogopa, nikaipiga kiuoga uoga, nusu nusu, kama mtu anayegonga mlango wa mdai wake wa zamani. Ikawaka!

Watu wakashangilia. Moshi mweupe ukatanda. Sauti ilikuwa ya ajabu kidogo, ya kukwaruza, kama mtu anakohoa huku anavuta pumzi, nikawapigia kelele kwamba "hiyo ndo sauti ya kizamani!" Mzee ndo anatokea kwa mbali na mkoba wake wa vipimo, namuona ananyoosha mkono, anasema kitu. Nikajua ananipungia. Na mimi nikampungia.

Nikarudisha kiki chini ikawa gia. Klachi. Gia ya kwanza, tak, imeingia. Nikaangalia mbele, kidevu juu, nikainama kidogo kama wale wa mashindano, nikaongeza mafuta, nikaachia klachi.

Dunia ikaanza kwenda mbele bila mimi.

Sijui niwaeleze vipi. Mwili umejiandaa kwenda mbele, kifua kiko mbele, na pikipiki inatoka chini yako kinyumenyume. Sekunde ya kwanza nilidhani watu ndo wanasogea. Namuona mama watoto anakuwa mdogo. Namuona mzee kajishika kichwa. Kifua kikalala kwenye tangi, nikajishika na hendeli kwa nguvu, na mkono wa kulia ukijishika kwa nguvu unafanya nini? Unavuta mafuta. Ikaongeza spidi! Kinyumenyume! Breki nilizisahau zote mbili, miguu yote iko hewani, nikatoa ile sauti, jamaa anasema nimeita mama, mimi nasema nilianza neno "makini" likakatika katikati. Shuka la kwanza likapita begani. La pili likanivaa. Giza. Niko ndani ya shuka lenye maua, injini inanguruma, sijui naelekea wapi, nasikia sauti ya mtoto wangu ikisema kwa utulivu kabisa, "Baba anarudi." Gurudumu la nyuma likagonga beseni, taa ikapasuka, injini ikazima, na mimi nikakaa. Kwenye maji. Taratibu. Na shuka kichwani.

Kimya.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi.

Mengine mnayajua. Mzee alieleza, watu wanashikilia mbavu hawamsikii: injini ya tustroki ya namna hii haina valvu, matundu ya kuingizia mafuta na kutolea moshi yanafunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe ikipanda na kushuka, kwa hiyo haijali inazungukia upande gani. Kiki dhaifu, moto wa mapema, pistoni inasukumwa irudi ilikotoka kabla haijafika juu, na injini inawaka ikizunguka kinyume. Inaweza kumtokea yeyote, nimeyasisitiza hayo maneno, yeyote. Gia ni nne, kwa hiyo kwa dakika moja nilikuwa mmiliki wa pikipiki yenye gia nne za rivasi, nani mwingine hapa anayo?

Mzee akaweka pointi kwa filageji, robo saa, ikawaka kiki ya kwanza ikaenda mbele kama kawaida. Hakuna aliyebaki kuangalia.

Mashuka nimefua mwenyewe. Nembo nimeing'oa. Video mama watoto anasema haijasambaa, ila nimeshatumiwa na watu watatu, mmoja kaiweka irudi kinyume ili nionekane naenda mbele, huyo namshukuru. Mwenye glasi ya taa ya nyuma ya Jawa 634 anicheki inboksi, na wewe uliyeniuliza kama nitaipaki kwa kuingia mbele au nyuma, nimekuona.