Garanti ya miezi sita inamfungia nani mlango Lubumbashi?

Anayefika Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, kutoka miji ya Kasai kama Mbuji-Mayi au Kananga, awe amekuja kwa treni ya SNCC au amekaa juu ya mizigo ya lori lililopitia Kamina, mara nyingi hakosi mahali pa kulala usiku wa kwanza. Ana ndugu katika komini (manispaa) ya Kenya, ana shemeji Katuba, ana mtu wa kanisa lake Ruashi. Atatandikiwa mkeka sebuleni, na bukari (ugali) ya watu watano italiwa na watu saba. Shida huanza siku anapotaka kuondoka kwenye sebule ya wenyewe ili apange chumba chake, kwa maana hapo ndipo anapokutana na garanti, yaani amana ya miezi kadhaa ya kodi inayodaiwa kabla ya kuingia. Mimi nimekuwa mpangaji katika mji huu kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba garanti inawaumiza wageni kuliko kodi ya kila mwezi ambayo wote tunailalamikia.

Tufanye hesabu kwa mfano wa chumba na sebule vya dola 50 kwa mwezi. Mwenye parsele (kiwanja chenye nyumba) akidai garanti ya miezi sita, hizo ni dola 300, na komisioneri, yaani dalali, aliyekuonyesha nyumba naye anataka mwezi wake mmoja, yaani dola 50 nyingine. Jumla ni dola 350 kabla hujanunua hata godoro. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu, ambaye kila jioni lazima apeleke kwa mwenye pikipiki fedha walizopatana, anaweza kujibana akapata dola 50 kila mwezi. Kuzipata 350 kwa mara moja ni jambo lingine kabisa, tena yeye anachuma faranga huku akidaiwa dola, kwa hiyo kila faranga inaposhuka kodi yake inapanda bila mtu yeyote kuigusa.

Sheria ipo. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba usio wa kibiashara, imeweka mwisho wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu. Nilipomkumbusha hivyo komisioneri mmoja, alinijibu kwa upole kabisa: “Baba, sheria iko Kinshasa, nyumba iko Katuba.”

Ni rahisi kumlaani mwenye nyumba, lakini tumtazame vizuri ni nani. Mwaka 2003, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kazi ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na katika familia nyingi za namna hiyo parsele ndiyo mali pekee iliyobaki. Baba alijenga vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa, akafariki, na leo mjane wake anakula, anajitibu na kusomesha wajukuu kwa kodi ya vyumba hivyo vya nyuma, ambavyo tunaviita anexe. Mpangaji mmoja asiyelipa kwa miezi minne anatosha kumwangusha, na kwenda mahakamani ni gharama na kungoja. Kwa hiyo anataka kinga, na sioni kosa katika hilo.

Ila kinga ingekuwa fedha inayotunzwa mahali, na garanti ya hapa kwetu haitunzwi. Siku ileile inapotoka mkononi mwa mpangaji inageuka kuwa manjanja (mabati) ya chumba kinachofuata, saruji, ada ya shule, au deni la hospitali. Mpangaji akitaka kuhama, anaambiwa angoje mpaka apatikane mwingine wa kuleta garanti mpya, na katika kungoja huko anaanza kukatwa: rangi ya ukuta, kitasa, kioo. Wengi wameamua kuila garanti yao, yaani wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa, jambo ambalo humfanya mwenye nyumba azidishe miezi kwa atakayekuja. Kwa maneno mengine, mgeni asiye na kitu ndiye benki ya ujenzi wa anexe za Lubumbashi, na anakopesha bila riba, bila risiti, bila hata kuulizwa kama anapenda.

Na anapata nini? Nichukue anexe moja ninayoifahamu Katuba: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, manjanja bila dari, choo cha shimo na bomba moja la uani kwa nyumba tano. Bili ya umeme ya SNEL inagawanywa kwenye daftari la shule kwa kuhesabu balbu, na resho (jiko) ya umeme imepigwa marufuku, kwa hiyo kila mtu anapikia makala (mkaa), na kuanzia Novemba mvua zinapokuja mabrazero (majiko ya mkaa) yanahamia kwenye ujia ambamo watoto wanalala. Vichwa navyo vinahesabiwa. “Mama, ulisema muko watatu,” mwenye parsele anamwambia mpangaji aliyepokea mdogo wake kutoka Mwene-Ditu, na mwezi unaofuata kodi inaongezwa.

Asiyeweza hata hayo anasukumwa komini ya pembezoni iitwayo Annexe, kwenye mitaa kama Luwowoshi au Kasungami, ambako kodi ni nafuu lakini anayeshinda akitafuta kibarua katikati ya mji anaimaliza nafuu hiyo kwenye teksibusi. Huko maji mara nyingi ni ya kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni, na kipindupindu tunakijua.

Kuna pia swali la “wewe ni mtu wa wapi?” linaloulizwa kabla ya mlango kufunguliwa. Wanaokumbuka mwaka 1992 na 1993, jinsi Wakasai walivyofukuzwa Katanga, mkoa wetu huu, na kurundikana kwenye stesheni, wanajua kwa nini swali hilo halipaswi kuchukuliwa kama mazungumzo ya kawaida. Mji huu tangu mwaka 1910 umejengwa na watu waliotoka kwingine, na Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, pamoja na ukali wake wote, ilimpa mfanyakazi aliyetoka mbali nyumba ya kampi. Leo mkataba wa kibarua wa migodini, kama upo, nyumba mara nyingi haimo.

Ningependa komini zetu zianze na jambo dogo: garanti ya miezi mitatu ilipwe kwa awamu tatu, na mkataba upigwe muhuri bure katika ofisi ya makazi. Najua wenye parsele wataukimbia mkataba huo kwa kuogopa kodi ya mapato ya nyumba inayokusanywa na mkoa. Basi mkoa uwasamehe kodi hiyo wenye anexe ya chumba kimoja au viwili, mradi wawe wameandikisha mkataba. Hautapoteza kikubwa, kwa kuwa nyingi za anexe hizo hazimo katika madaftari yake hata leo, na mpangaji atakuwa na karatasi inayotaja alilipa kiasi gani, lini, na atarudishiwa siku ngapi baada ya kukabidhi ufunguo.