Fedha za Mlangoni: Klabu Ndogo za Soka na Hesabu za Wakati wa Janga

Ligi zilipositishwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mjadala ulihusu zaidi klabu kubwa: nani atatangazwa bingwa, fedha za matangazo ya televisheni zitakuwaje, na nyota gani atakubali kukatwa mshahara. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa mhasibu wa klabu ya daraja la nne, mtu ambaye kila baada ya mechi ya nyumbani hujumlisha viingilio, mauzo ya vinywaji na mauzo ya jezi, kisha hutazama kalenda kuona zimebaki siku ngapi kabla ya kulipa mishahara. Klabu kubwa hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kwenye televisheni, na ndiyo maana inaweza kucheza mbele ya viti vitupu na bado ikalipwa. Klabu ndogo inaishi kwa fedha za mlangoni. Hata mapato yake mengine hufuata nyuma ya kiingilio, kwa kuwa mdhamini hulipia bango akijua kuna watu watakaolitazama, na ukumbi wa klabu hukodishwa na watu waliozoea kufika pale siku za mechi.

Kwa hiyo milango ilipofungwa, klabu hizi zilipoteza karibu kila kilichokuwa kikiziweka hai, huku mishahara ikibaki palepale. Naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Umaskini peke yake hauelezi kwa nini klabu nyingi ziliyumba ndani ya wiki chache. Ziliyumba kwa sababu zilikuwa zimetoa ahadi za mishahara isiyopungua, zikitegemea mapato yanayoweza kukatika kwa tangazo la siku moja.

Wasiowahi kutunza vitabu vya klabu hudhani kwamba klabu hufa kwa kupata hasara. Ukweli ni kwamba klabu inaweza kupata hasara miaka kumi na isife, mradi kila mwisho wa mwezi kuna fedha taslimu ya kulipia kinachodaiwa. Tatizo la janga lilikuwa la fedha taslimu, na ubaya wake uliongezwa na majira. Tiketi za msimu huuzwa kabla ya msimu kuanza, na katika klabu nyingi ndogo fedha hizo ndizo hulipa mishahara ya miezi isiyo na mechi. Kwa maneno mengine, shabiki huikopesha klabu yake bila kuandikishana mkataba wa mkopo: analipa leo kwa mechi atakazotazama miezi ijayo. Mwaka 2020 mkopo huo ulikatika pande mbili kwa pamoja. Waliokwisha kulipia mechi ambazo hazikuchezwa walikuwa na haki ya kudai fedha zao, na msimu uliofuata hakuna aliyeweza kumwahidi shabiki kwamba angeruhusiwa kuingia uwanjani. Mashabiki wengi waliamua kutodai chochote, na nadhani hatujawashukuru vya kutosha.

Ukitaka kuona hesabu hii ikifanya kazi, tazama uamuzi wa klabu za daraja la tatu na la nne nchini Uingereza. Tarehe 9 Juni 2020 zilipiga kura ya kuufupisha msimu, na msimamo wa mwisho ukapangwa kwa wastani wa pointi kwa kila mechi iliyochezwa. Wapo waliolalamika kwamba msimu umeamuliwa nje ya uwanja. Lakini kuendelea kucheza kulimaanisha kulipia vipimo vya virusi kila wiki, kuwarudisha kazini wachezaji ambao mishahara yao ilikuwa ikibebwa kwa sehemu kubwa na serikali, na kufungua uwanja usioingiza kiingilio hata kimoja. Kila mechi ingekuwa gharama tupu. Klabu iliyochagua kutocheza ilikuwa imefanya hesabu sahihi, hata kama ilimuuma kila mtu aliyeipenda.

Mpango wa serikali ya Uingereza wa kulinda ajira ulilipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyewekwa nyumbani, kwa kiwango kisichozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Kwa klabu ya Ligi Kuu kiasi hicho hakigusi hata mshahara wa siku moja wa mshambuliaji wake, ila kwa klabu ya daraja la nne au la tano kilibeba sehemu halisi ya mzigo, pamoja na mtunza uwanja, mtunza vifaa na mwanamke wa dirisha la tiketi. Serikali pia iliruhusu kodi kuahirishwa, na hapa ninawaonya viongozi wa klabu popote walipo: kodi iliyoahirishwa ni deni lenye tarehe, na ukiitumia kusajili mchezaji umekopa kwa mkopeshaji asiyesahau.

Msaada wa ndani ya soka lenyewe ulichelewa. Aprili 2020 Ligi Kuu ya Uingereza ilitanguliza pauni milioni 125 kwa klabu za chini, lakini hizo zilikuwa fedha ambazo klabu zingezipata kwa vyovyote vile. Zililetwa mapema tu, na pengo likasogezwa mbele. Fedha mpya kwa daraja la tatu na la nne zilikubaliwa Desemba 2020, miezi tisa baada ya milango kufungwa. Zilikuwa pauni milioni 50, ambapo milioni 30 ziligawanywa kwanza, nusu yake kwa kiwango maalumu kwa kila klabu na nusu kwa kuzingatia mapato ya mlangoni yaliyopotea, na milioni 20 zikatengwa kwa klabu zitakazoomba na kukubali masharti. Nauunga mkono mgawanyo huo unaofuata viingilio kwa moyo wote. Msaada unaogawanywa sawa kwa sawa huinufaisha kupita kiasi klabu inayoishi kwa mfuko wa tajiri mmoja na kuipunja ile iliyojenga mashabiki wake kwa miaka mingi, wakati aliyepoteza viingilio vingi zaidi ndiye janga lilimpiga zaidi. Kuchelewa kwake sikukubali hata kidogo.

Kati ya Machi na Desemba, klabu nyingi ziliokolewa na watu wao. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Lokomotive Leipzig, klabu ya daraja la nne nchini Ujerumani, iliyouza tiketi za yuro moja kwa mechi isiyokuwepo, dhidi ya adui asiyeonekana. Lengo lilikuwa kuvunja rekodi ya watu 120,000 wanaosemekana kujaa uwanjani mwaka 1987 katika nusu fainali ya mashindano ya Ulaya dhidi ya Bordeaux ya Ufaransa, na hadi Mei 2020 tiketi zaidi ya 180,000 zilikuwa zimenunuliwa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Klabu haikuahidi goli, jezi wala kiti. Ilisema wazi kwamba inahitaji fedha na inazihitaji kwa nini, na watu wakalipa. Kiongozi anayeficha vitabu vya hesabu wakati wa raha hawezi kupata imani ya namna hiyo siku ya shida, kwa sababu shabiki anayeombwa mchango bila kuonyeshwa deni huhisi anajaza ndoo iliyotoboka.

Ni kweli pia kwamba si kila kifo cha klabu cha wakati ule kinapaswa kuandikwa kwa jina la virusi. Klabu ya Bury ya Uingereza ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, kabla dunia haijausikia ugonjwa huu. Macclesfield Town, nayo ya Uingereza, ilifungwa kwa amri ya mahakama Septemba 2020 ikiwa na madeni ya zaidi ya pauni 500,000, lakini wachezaji wake walikuwa wakicheleweshewa mishahara tangu kabla ya janga, na klabu ilikuwa imekwisha kukatwa pointi kwa makosa hayo. Katika hadithi hizo ninawahurumia zaidi wachezaji wa kawaida. Mikataba mingi ya Uingereza humalizika tarehe 30 Juni, na mwaka ule tarehe hiyo iliwapa viongozi nafuu ya vitabuni kwa kuwaacha wachezaji bila kazi katikati ya kipindi ambacho hakuna klabu iliyokuwa ikisajili. Kama mbinu ya kupunguza gharama, ilifanikiwa. Ila fedha iliyookolewa hivyo ilitoka kwenye kodi ya nyumba ya mtu mwingine, na sioni vibaya kuisema hivyo.

Agosti 2020 klabu za madaraja hayo mawili zilipiga kura ya kuweka ukomo wa mishahara: pauni milioni 2.5 kwa mwaka kwa daraja la tatu na milioni 1.5 kwa daraja la nne. Chama cha wachezaji kilipinga kwa kuwa hakikushirikishwa ipasavyo, na Februari 2021 jopo la usuluhishi likakipa haki; ukomo ukaondolewa. Wengi waliona hilo kama pigo kwa nidhamu ya fedha. Mimi sikusikitika sana. Kiwango kimoja kwa klabu zote kinaibana klabu yenye watazamaji wengi inayojilipia yenyewe, na kinaiachia klabu yenye watazamaji wachache nafasi ya kutumia kuliko inavyoingiza.

Kanuni iliyorudi baada ya hapo, iliyofunga mishahara ya wachezaji kwenye asilimia ya mapato, 60 kwa daraja la tatu na 50 kwa daraja la nne, ilikuwa karibu zaidi na ninachokitamani, kwa sababu mapato yakishuka nayo mishahara ililazimika kushuka. Ilikuwa na tundu moja kubwa: michango ya mmiliki nayo ilihesabiwa kuwa mapato. Tajiri akitoa milioni, klabu iliruhusiwa kuahidi mishahara mipya juu ya milioni hiyo, na tajiri akichoka au biashara zake zikianguka, kama zilivyoanguka nyingi mwaka 2020, mikataba inabaki na mwenye nayo hayupo. Ningependa ligi zihesabu kwanza fedha ambazo klabu huingiza yenyewe, yaani viingilio, udhamini, matangazo na mauzo ya wachezaji, na mmiliki anayetaka kuongeza juu ya hapo aweke benki mshahara wa mkataba mzima kabla mchezaji hajatia saini.