Majani ya chini ya tumbaku: yatupwe au yaingie banini?

Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto ndani ya bani (chumba cha kukaushia), huko Urambo na Kaliua mkoani Tabora huchumwa kutoka chini kwenda juu, majani mawili matatu kila mara, kadiri yanavyoiva. Mabishano yako kwenye yale ya kwanza kabisa.

Wanaotaka yatupwe wana hoja nzito. Geuza jani la chini uone: mchanga uliorushwa na mvua umeganda kwenye mishipa, na mara nyingi madoa ya ugonjwa yameshaanza. Likikaushwa linatoka jepesi kama karatasi, na sokoni mteuzi, yaani anayepanga madaraja ya tumbaku, analipangia daraja la chini. Wakati huohuo bani lililojaa majani hayo linachoma kuni kwa karibu wiki nzima, sawa na lililojaa majani bora ya katikati. Kwa misitu ya miombo inavyokwisha Tabora, hilo linaniuma.

Upande wa pili, mkulima anauza kwa kilo. Ana makisio ya kutimiza, yaani kilo alizopangiwa kuzalisha, na mkopo wa pembejeo unaokatwa kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mbolea iliyolikuza lile jani imeshakopwa. Tena si kweli kwamba ukilitoa, uzito wake wote utahamia juu. Ya juu hunenepa kiasi, lakini mara nyingi hayafidii kilo zilizotupwa. Ukipunguza majani mengi kwenye shamba lenye mbolea nyingi, yanayobaki huwa mazito, huchelewa kuiva na husumbua banini.

Kukata ua hakuna ubishi: likiachwa, nguvu ya mmea inaishia kwenye mbegu. Ila ukikata ua ukaacha machipukizi ya pembeni, umefanya kazi bure.

Kwangu mimi, mawili hadi manne yanayogusa udongo yatolewe mapema, yakiwa bado madogo, kabla hayajala mbolea nyingi. Zaidi ya hapo, bani ndilo liamue. Kama ni dogo kiasi kwamba majani ya katikati yataivia shambani hadi kuharibika yakisubiri zamu, tupa ya chini bila kusita. Kama nafasi ipo na kuni ni za miti uliyopanda mwenyewe, yakaushe, lakini yafunge peke yake: ukiyachanganya na ya katikati, mteuzi atashusha daraja la mtumba (furushi la tumbaku) mzima.