Kocha Mpya, Mwenye Timu Yule Yule

Leicester wamepigwa 5-2 na Manchester United jana usiku, Oktoba 30, 2024, kwenye Kombe la Carabao, na kufikia asubuhi hii Mombasa nzima ya Man U ishapona. Casemiro na Bruno mawili mawili, Garnacho moja, na Ruud van Nistelrooy, aliyeachiwa timu kwa muda Jumatatu tu, washamvika joho. Kwenye tuktuk ya kuja mjini dereva ashikilia kazi apewe Ruud, huyo Mreno Rúben Amorim, kocha wa Sporting ya Ureno, wa nini? Abiria mwenzangu akamkatiza hapo hapo: Amorim sharti aje, tena aje haraka, Jumapili tuna Chelsea. Wakabishana kutoka Buxton hadi Posta. Mabeki watatu au wanne, Rashford abaki au auzwe, Xavi angefaa au hangefaa. Jina la Glazer, familia yenye timu, halikutajwa hata mara moja.

Hilo ndilo lililonikera. Ubishi wa kocha ni haki yetu, na nani asiyeupenda? Nimekulia kwenye baze, vijiwe vya Majengo, najua utamu wake. Lakini toka kocha Erik ten Hag atimuliwe Jumatatu sijasikia mazungumzo mengine yoyote, na nimekuja kuamini kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Kocha akifukuzwa, sisi tunapewa kazi ya kuchagua jina. Tunalichagua kwa wiki mbili tatu, akija tunampa mwaka mzima wa subira, na muda wote huo wenye timu hawaulizwi kitu. Kwa familia hii, kocha ni ngao. Ikishatobolewa vya kutosha inatupwa, inaletwa nyingine.

Angalieni nyuma. Mwaka 2010 mashabiki wa Old Trafford walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu, kuwaambia akina Glazer waondoke. David Beckham mwenyewe, akiwa mchezaji wa Milan, aliokota moja baada ya mechi akaivaa shingoni, picha ikazunguka dunia nzima. Msimu uliofuata Ferguson, kocha wetu wa enzi hizo, akabeba ligi, na skafu zikaanza kurudi makabatini.

Tarehe 2 Mei 2021 je? Ilikuwa Ramadhani. Mechi na Liverpool iliangukia magharibi ya huku kwetu, na tulifuturu kwa tende na maji ya ukwaju mbio mbio, mahamri tukala njiani, ili tuwahi kibanda cha kutazama mpira. Tulipofika, kwenye skrini hakuna mpira. Watu wa Manchester wameingia uwanjani kwao, wameketi juu ya nyasi, mechi imeahirishwa. Hasira ile ilitokana na Super League, ule mpango wa matajiri kujitenga na wenzao, ambao United walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Usiku ule kibandani hakuna aliyelalamika kupoteza shilingi zake. Ilikuwa mara ya kwanza nimesikia vijana wa Majengo wakiulizana deni la klabu ni kiasi gani.

Agosti ya mwaka ule ule akarudishwa Ronaldo. Basi. Wiki mbili baadaye akafunga mawili dhidi ya Newcastle, jezi namba 7 zikajaa Kongowea, na swali la deni likafa. Novemba tukapigwa 4-1 na Watford, akafukuzwa Solskjær, na tukarudi kwenye kazi yetu ya kuchagua jina.

Sasa turudi kwenye hilo deni, maana ndilo lenyewe. Mwaka 2005 Malcolm Glazer alipoinunua United, bei ilikuwa karibu pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya hizo aliikopa. Mikopo ile ikabebeshwa klabu, klabu ambayo kabla ya siku hiyo haikuwa ikidaiwa. Ni sawa na mtu anunue nyumba unayopanga Tudor kwa pesa za benki, kisha akuletee wewe mpangaji ule mkopo uulipe, na bati likivuja akwambie ujitafutie fundi. Toka siku hiyo klabu imelipa mamia ya mamilioni ya pauni kama riba na gharama za madeni. Juu ya hapo, kwa miaka kadhaa hadi 2022, wenye hisa walikuwa wakilipwa gawio, na kubwa katika hilo liliingia kwenye mifuko ya ndugu sita wa familia moja. Na bati, kwa kweli, linavuja. Mei mwaka huu wa 2024, siku tuliyofungwa na Arsenal, sote tuliona maji yakimwagika kutoka kwenye paa la Old Trafford kama mfereji umepasuka. Uwanja ule haujapanuliwa tangu 2006.

Nikisema haya naambiwa pesa si wametoa? Pogba pauni milioni 89, Maguire 80, Antony, Sancho, na wengine. Ni kweli zimetoka, na ni nyingi kupita kiasi. Lakini zimetoka kwenye mapato ya klabu na mikopo mingine ya klabu. Tiketi, televisheni, jezi, wadhamini. Zilikuwa pesa za United kabla hawajazigusa. Tuache kuwashukuru kwa kutununulia vitu kwa pesa zetu.

Kuna mzee mmoja wa kahawa pale Makadara, shabiki toka enzi za Bryan Robson, ambaye kila nikianza hunikata kwa swali moja: "Mwanangu, Fergie si alishinda na hawa hawa?" Alishinda, ami. Ligi tano chini yao, 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na ule usiku wa Moscow wa 2008 tulipobeba Ligi ya Mabingwa. Siwezi kulipinga na sitajaribu. Ila niruhusu nikukumbushe kiangazi cha 2009, Ronaldo alipouzwa Real Madrid kwa pauni milioni 80 na badala yake wakaja Antonio Valencia kutoka Wigan, Obertan, na Michael Owen aliyesajiliwa bure. Ferguson aliziba ufa ule kwa miaka minne, kwa ukali wake na kwa wazee aliowalea mwenyewe. Alipoondoka, ufa ukaonekana na kila mtu.

Makocha wakaanza kupita mmoja mmoja. Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, kiangazi chake cha kwanza akaishia kununuliwa Fellaini saa za mwisho za dirisha, hakumaliza hata msimu. Van Gaal alibeba Kombe la FA Jumamosi, Jumatatu hana kazi. Mourinho alimaliza wa pili, Solskjær akamaliza wa pili, wote wakatimuliwa msimu uliofuata. Kila mmoja alikuwa na makosa yake, sikatai. Mourinho aligombana na nusu ya chumba cha kubadilishia nguo. Lakini makocha watano wa kudumu, wa nchi tofauti na mitindo tofauti, wote wameanguka mahali pamoja, na sisi bado tunachunguza miguu ya aliyeanguka.

Yupo mmoja aliyesema wazi, na ndiye tuliyemdharau kuliko wote. Ralf Rangnick, kocha wa muda baada ya Solskjær. Aprili 2022 alisimama mbele ya waandishi akasema timu hii inahitaji upasuaji wa moyo, marekebisho ya juu juu hayatasaidia. Alikuwa amepangiwa miaka miwili ya kuwa mshauri wa klabu baada ya kumaliza kazi ya muda. Msimu ukaisha, akaenda kuifundisha Austria, na ule ushauri ukafutwa kabla haujaanza. Sisi vibandani tulikuwa tukimcheka kwamba ni mwalimu wa darasani. Mimi mwaka huu namkumbuka kila wiki.

Hebu tutazame walivyomfanyia huyu Ten Hag, maana hiki ndicho kinachonipandisha damu hasa. Mei anachukua Kombe la FA kwa kuifunga Manchester City 2-1. Baada ya hapo klabu inakaa majuma kadhaa ikizungumza na makocha wengine, na yeye anasoma magazetini. Wakishindwa kumpata wamtakaye, wanamrudia, na Julai wanamsainisha mkataba hadi 2026. Wananunua wachezaji wa karibu pauni milioni 200, wakiwemo de Ligt na Mazraoui aliokuwa nao Ajax. Mechi tisa za ligi, pointi 11, nafasi ya 14, anafungwa na West Ham Jumapili, Jumatatu wanamwambia aondoke. Mimi sikuwa mtetezi wake. Timu ilikuwa haichezi, katikati palikuwa wazi kama barabara ya Nyali usiku wa manane, na aliyesema muda wake umekwisha hakukosea. Lakini ulikuwa umekwisha Juni! Aliyeamua kwamba abaki yuko wapi leo? Yuko ofisini, anatuchagulia mwingine.

Na huyo mwingine tazameni anaingia wapi. Jumanne Sporting walitangaza kwamba United wako tayari kulipa euro milioni 10 ili wamchukue Rúben Amorim. Kijana wa miaka 39, hodari, sina neno naye. Aliipa Sporting ubingwa wa 2021 baada ya miaka 19 ya ukame, akaupata tena mwaka huu. Anacheza mabeki watatu na wale wa pembeni wanaopanda na kushuka kutwa. United hii imesajiliwa ya mabeki wanne. Luke Shaw na Malacia ni majeruhi, na mawinga tulio nao wamezoea kukaa mbele. Maana yake nini? Mkeka mwingine wa usajili, wachezaji wengine watakaoonekana hawafai mfumo, pauni nyingine zitakazoteketea, na tukifika mwaka wa pili tutasema Amorim hajui. Niliyemsikia kwenye tuktuk akisema Amorim sharti aje, natamani nimwulize: akija, akaomba mabeki wa pembeni wawili Januari, akaambiwa hakuna kitu, utamlaumu nani?

Kuhusu Sir Jim Ratcliffe, tajiri aliyenunua sehemu ya hisa za klabu, naona wengi wamempa jukumu la mkombozi. Mwaka huu wa 2024 ana asilimia 27.7 ya hisa na kaachiwa mambo ya mpira. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ameleta watu wanaojua kazi: Berrada katoka City, Ashworth jina lake linajulikana. Lakini mwaka huu huu watu 250 wameambiwa nafasi zao za kazi zinafutwa, na majuzi tukasikia hata Ferguson anakatiwa malipo yake ya kuwa balozi wa klabu. Wanaokatwa ni wa chini na wazee, huku riba ya deni ikilipwa kwa wakati. Na usukani bado uko kwa familia. Hisa zao zina kura kumi kila moja. Zile zinazouzwa soko la New York tangu 2012 zina kura moja moja.

Najua nitaulizwa, wewe wa Mombasa yakuhusu nini, mbona timu yetu ya Bandari wanacheza pale Mbaraki na huandiki? Kweli, na ni aibu yetu sote kwamba kibanda kinajaa saa tano kasoro usiku kwa Leicester na Mbaraki ina nafasi ya kukaa. Bandari nitawaandikia, wana mambo yao mengi. Lakini hili la United linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Walipokwenda kuuza hisa New York mwaka 2012, waliwaambia wanunuzi kwamba klabu ina wafuasi milioni 659 duniani. Hiyo ndiyo bidhaa. Kampuni ya magari au ya simu inayolipa mamilioni ili jina lake likae kifuani, inalipia macho ya watu walio mbali na Manchester, macho ya Majengo, Likoni, Kisauni. Sisi tumo kwenye hesabu. Hatukuulizwa, lakini tumo, na wao wanakopea juu yetu.

Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba shabiki wa huku kazi yake ni kushangilia na kupendekeza majina. Amorim akija nitamwombea kheri kwa moyo mweupe, na Jumapili nitakuwa mbele ya skrini na Chelsea kama kawaida. Jezi mpya sinunui. Na huko Manchester wakiitisha maandamano, kama walivyofanya 2021, siku hiyo mimi sitatazama. Mwenye kibanda nitampitia nimpe hamsini yake hivyo hivyo, yeye hana kosa. Ningependa tuwe wengi. Dereva wa tuktuk na yule wa Amorim nao waje, tukae nje ya kibanda na kahawa, tubishane juu ya akina Glazer kwa nguvu zile zile walizotumia leo kutoka Buxton hadi Posta.