Godoro Lililovuliwa Kibirizi

Godoro letu la zamani lilikuwa limechimbika katikati kiasi kwamba mimi na Mama Zuberi hata tukilala tumenuniana, kila mmoja kaganda ukingoni kwake, alfajiri inatukuta tumebebana shimoni. Mwanzoni niliona ni usuluhishi wa bure. Mwaka wa tatu kiuno kikaanza kudai haki yake, nikawa naamka nimeinama kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni.

"Baba Zuberi, leo nenda Mwanga ukanunue godoro," akasema mke wangu. "Na ukifika omba mzani."

"Mzani wa nini? Kwani naenda buchani?"

Mjomba wake ni fundi sofa, na ndiye aliyemtia maneno hayo. Eti sponji haijulikani kwa kubonyezwa, inajulikana kwa kilo. Godoro la tano kwa sita, inchi nane, ni nusu mita ya ujazo na ushee; sponji ya maana, ya kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, lazima ifike kilo 17 hivi. Likiwa jepesi sana, hata liwe gumu kama ubao, umeuziwa hewa, na baada ya muda linadidimia pale pale unapoweka nyonga. Maneno yakaingilia sikio hili yakatokea la pili.

Dukani Mwanga, hapa hapa kwetu Kigoma, kijana aliniita "mzee wangu" mara sita kabla sijavuka kizingiti. Akalipiga godoro ngumi. "Hai densiti hii, sponji nzito! Limetoka Dar kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200, na halijabonyea hata chembe!" Ningekuwa na akili ningeuliza nani alililalia humo njiani. Badala yake nikakaa, nikaruka mara mbili, nikalala chali miguu ikining'inia na viatu vyake, nikahesabu hadi kumi. Gumu safi. Duka la pili walikuwa wanauza maharage, na mzani umetundikwa mlangoni, hatua nne tu kutoka nilipolala. Niliuona. Nikaona haya, mwanaume mzima napima godoro mbele za watu! Nikatoa shilingi 120,000.

Mtu wa bodaboda akasema tulikunje, tulikaze kwa mpira. Nikamfokea kwamba godoro jipya halikunjwi. (Pale kituoni mwenye akili alikuwa yeye.) Nikapanda nyuma, godoro bapa kichwani, mikono nimeitanua kama kipanga, tukaondoka.

Ilikuwa mwezi wa saba, na mkazi wa Kigoma hahitaji kuelezwa upepo wa ziwani wa mwezi wa saba. Mjini nyumba zilitukinga. Tulipoanza kuteremka Kibirizi na ziwa likafunguka mbele yetu, godoro likavuta pumzi. Nikahisi shingo inarefuka. Boda anaapa hadi leo kwamba aliniona kwenye kioo matako yameachana na siti. Nikachagua uhai, nikaachia.

Lilipita juu ya paa la kibanda cha chipsi, likageuka mara moja taratibu kama linatafuta upande wa kulalia, likatua kifudifudi juu ya dagaa wa watu walioanikwa mchangani.

"Haya shemeji," sauti ya kike ikasema, "chumba umeshaona, bado kodi."

Tulipolinyanyua, dagaa walinyanyuka nalo. Nailoni ilichanikia hewani, na wale bado wana unyevu, wameng'ang'ania kitambaa kama wamepakwa gundi. Mmoja ananitazama kwa jicho moja la fedha. Mwenye mali akataka kujua hasara yake.

"Godoro lako lilikuwa kilo ngapi?"

Nikanyamaza. Boda akanitazama. Wanawake wote wakanitazama.

"Mtu ananunua kitu hajui kilo zake!" akasema mmoja, kwa huruma kabisa.

Basi mzani ukaletwa, ule wa saa wa kupimia magunia. Godoro likafungwa kamba, likatundikwa: kilo kumi. Wakakaa kulichambua kama wanaochambua mchele, mimi nimeshika beseni. Likatundikwa tena: nane na nusu. Kilo moja na nusu ya dagaa, nikalipa 25,000, na ukishalipa hupewi hata wa mboga maana wana nyuzi za godoro.

Mzee wa mzani hakuondoa macho kwenye mshale. Akalisukuma godoro kwa kidole kimoja, likazunguka. "Nane na nusu," akasema. "Na hapo limekunywa maji."

Safari hii lilikunjwa. Lilikunjika vizuri sana, lilikuwa kama shuka.

Mama Zuberi alikuwa mlangoni. Akanusa. Hakuuliza harufu ni ya nini, hakuuliza mchanga umetoka wapi.

"Kilo ngapi?"

"Nane na nusu," nikajibu haraka. "Nimepima."

Akaingia ndani. Godoro nikaliegemeza uani likauke, na kabla ya isha paka watatu wa mtaa walikuwa wamelizunguka, wa nne kashalala juu ya ukingo, katulia, kiuno hakimsumbui. Sisi tukarudi kwenye la zamani tumenuniana, kila mmoja ukingoni kwake, tukisubiri kuteleza.