Mbwa wa Miezi 10 Hajachelewa

Kila anayeniomba nimtafutie mbwa huanza na sharti moja: awe mdogo. Miezi 2, ikizidi sana miwili na nusu. Ukimwambia kuna mfugaji ana dume wa miezi 10, amechanjwa, amezoea watu, anakunja uso kana kwamba unamuuzia kitu chenye kasoro. "Huyo si ameshakuwa? Atanizoea vipi?" Kisha inafuata methali, samaki mkunje angali mbichi, na mazungumzo yameishia hapo.

Mimi siishii hapo. Familia nyingi za Dar ninazozifahamu, baba na mama wanatoka alfajiri kuwahi foleni na kurudi giza limeingia, watoto wako shule, nyumbani kabaki dada wa kazi ambaye mbwa wenyewe anawaogopa. Kwa nyumba ya namna hiyo, mbwa wa miezi 8 hadi miaka 3 aliyelelewa nyumbani kwa mfugaji anafaa kuliko mtoto wa mbwa. Sisemi mbwa mkubwa yeyote. Nasema aliyelelewa nyumbani, katikati ya watu, na sharti hilo likikosekana basi yote ninayoandika hapa chini yafute.

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 anakula mara 3 au 4 kwa siku. Anakojoa akiamka, akimaliza kula, na akifurahi. Usiku wa kwanza analia mpaka jirani anagonga ukuta. Meno yake 28 ya utoto yanang'oka kati ya mwezi wa 4 na wa 7 kuyapisha 42 ya ukubwani, na muda wote huo anatafuna kandambili, waya wa chaja na pindo la kanga iliyoanikwa. Yote hayo ni ya kawaida, na dawa yake ni mtu wa kushinda naye. Nyumba isiyo na mtu huyo ina dawa nyingine, mnyororo. Anafungwa nyuma ya nyumba "mpaka akue", na akishakua ndipo wenyewe wanashangaa kwamba hajui lolote zaidi ya kubweka na kuzunguka nguzo. Methali yenyewe haina ubaya, ila samaki atakunjwa na nani kama mkunjaji anashinda Posta?

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Walilea watoto wa mbwa kwenye uwanja wenye uzio mrefu, wakiwalisha bila kuwaonyesha watu. Baadhi waliwatoa kwa zamu, kila mmoja akiwa na umri wake wa wiki chache, wakakaa na watu wiki moja kisha wakarudishwa. Wale ambao hawakutolewa kabisa mpaka wiki ya 14 walikuwa wamekwisha kuwa wanyama wa porini, hawashikiki wala hawabembelezeki. Tangu hapo wanaoshughulika na mbwa wanajua kwamba kipindi cha kumfundisha mbwa kuwa watu, kelele na vitu vigeni havina hatari huanza karibu wiki ya 3, na kufikia wiki ya 12 hadi 14 kinafifia. Baada ya hapo bado anafundishika, ila kwa jasho.

Sasa piga hesabu. Unayemnunua akiwa na wiki 8 amebakiwa na wiki 4 hadi 6 za kipindi hicho. Na hizo ndizo wiki ambazo daktari wa mifugo atakuambia usimtoe getini, naye ana haki, kwa sababu ya parvo. Kirusi hiki kilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaenea duniani kwa kasi, na watoto wa mbwa kinawamaliza kwa kuhara damu na kutapika. Kinakaa kwenye udongo miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kuondoka. Sabuni ya kawaida hakiisikii. Jiki inakiua juu ya sakafu ya saruji, lakini uwanja mzima huwezi kuuosha kwa jiki. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama yake huweza kuizuia chanjo isishike. Kwa hiyo mtoto anafungiwa ndani, chanjo zinakamilika, anatoka akiwa na kadi iliyojaa mihuri na uoga wa kunguru. Kila bodaboda ni jini.

Njia ya kati ipo: kumbeba mkononi, kumpakia kwenye gari akaone barabara kutoka dirishani, kualika wageni waje wamshike. Mwenye muda aifanye, na huyo simzuii kununua mtoto. Lakini mfugaji mzuri anaifanya kazi hiyo bila hata kuipangia ratiba. Uwanja wake umefungwa, mbwa wake wakubwa wamechanjwa, watoto wake wanacheza mpira humo humo, fundi anakuja kuchomelea geti, jenereta inawaka umeme ukikatika. Mtoto anayebaki kwake mpaka miezi 8 au 10 anakuwa ameshayaona hayo yote kabla hujamlipia.

Wengi wanadhani mbwa mkubwa kwa mfugaji ni masazo, aliyekataliwa na kila mtu. Mara nyingi sivyo. Mfugaji makini hubakiza wawili kwenye uzao ili aangalie yupi atamfaa kwa mbegu, kwa sababu kwenye miezi 2 hakuna anayejua. German Shepherd anaweza kusimamisha masikio akiwa na miezi 4, mwingine akafika wa 6 sikio moja bado limelala. Dume anaweza kukua korodani moja haijashuka; huyo hafai kuzalisha, na ahasiwe kabisa, maana korodani iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe wa saratani. Mwingine meno ya chini yamezidi ya juu. Mfugaji anamtoa kwenye mpango wake wa uzazi, lakini wewe unayetaka mlinzi na rafiki wa watoto, sikio lililolala linakuhusu nini?

Wapo pia waliorudishwa kwa sababu mwenyewe amepata uhamisho au amerudi kwao Ulaya. Na wapo majike waliostaafu kuzaa, ambao hata wakizidi ile miaka 3 niliyoitaja, kwa maoni yangu ndio siri kubwa ya biashara hii. The Kennel Club ya Uingereza haisajili uzao wa jike aliyekwisha kutimiza miaka 8, wala haimruhusu kuzidi uzao wa 4. Mfugaji mwenye huruma anaacha mapema zaidi. Jike wa miaka 5 aliyelea watoto, anayejua sauti ya geti lake na ya geti la jirani, hachimbi bustani wala hali viatu. Ana miaka kadhaa mizuri mbele yake, na kwa kawaida bei yake haiumi.

Ila kuna wa aina nyingine, na huyu nawaomba mumkimbie. Ni yule aliyebaki kwa sababu hakuuzika, akakulia bandani. Sakafu ya saruji, waya mbele, sufuria ya ugali na dagaa inaingizwa kwa chini, na mtu pekee anayemjua ni mkono unaosukuma sufuria. Kwa macho anapendeza, mkubwa, manyoya yanang'aa, na muuzaji anakuhakikishia kwamba ni mkali. Si mkali, anaogopa, na woga ni moja ya sababu kubwa zinazomfanya mbwa aume. Kuna imani imekaa sana huku kwetu kwamba mlinzi afungiwe gizani, asizoeane na watu, wengine wanamtilia pilipili kwenye chakula. Unachopata ni mnyama ambaye mwizi akija na gongo anajificha, na mtoto wa jirani akija kuchukua mpira anamrarua.

Ndiyo maana lazima uende ukaone. Mama mmoja mfugaji wa Tengeru, Arusha, niliyewahi kumtembelea anafuga majike wawili tu. Nilimkuta uani akimenya ndizi za machalari, na pembeni yake amelala jike wa miezi 9 aliyekuwa anauzwa. Katika kuzungumza, mfuniko wa sufuria ukamponyoka ukagonga saruji. Mbwa akaruka nyuma, masikio yamelala kichwani, akautazama mfuniko unavyozunguka mpaka ukatulia. Akasogea, shingo mbele miguu nyuma, akaunusa, akaulamba, akarudi kulala palepale. Mama hakuacha hata kumenya. Hicho ndicho ninachokitafuta. Mbwa anaruhusiwa kushtuka. Muhimu ni arudi mwenyewe, bila kuitwa, kuangalia kilichomshtua. Yule anayekwenda uvunguni na kubaki huko mpaka mnaaga, mwache.

Halafu omba kuzungumza na kijana anayewahudumia mbwa. Kwenye kadi ya chanjo limeandikwa jina la mwenye nyumba, lakini anayempikia, anayemwogesha dawa ya kupe na kumtembeza ni kijana, na huyo hana sababu ya kukupamba. Muulize mbwa anaogopa nini. Muulize kama ameishi na kuku, maana mbwa aliyeonja mayai kumwachisha ni kazi ya mwaka. Muulize akiachwa peke yake anafanya nini, na akipewa mfupa anakubali kunyang'anywa au ananguruma. Mwombe amfunge kamba mzunguke naye nje ya geti, mpite dukani, mpishane na baiskeli. Na yule atakayeshinda na mbwa nyumbani kwako, dada au kijana wa bustani, nenda naye siku hiyo. Maoni yake yana uzito kuliko yako.

Wasomaji wa Pwani wataniuliza hapa, nyumbani maana yake ni sebuleni? Hapana. Waislamu wengi hawamwingizi mbwa ndani kwa ajili ya najisi ya mate yake, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda hufugwa nje kwa utaratibu unaoeleweka. Uani ni nyumbani. Mbwa anayeshinda uani Tanga, watu wanapika, watoto wanarudi madrasa, muuza samaki anapiga hodi, amelelewa nyumbani kuliko mwenzake anayelala kwenye chumba chenye kiyoyozi bila kuona mtu.

Faida ya mwisho ya umri ni kwamba mwili nao umeshasema ukweli. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wana tatizo la nyonga la kurithi. Wajerumani wanazipima nyonga za German Shepherd kwa eksirei akiwa ametimiza angalau miezi 12, na taasisi ya Marekani inayotoa vyeti hivyo, OFA, haitoi cheti kamili kabla ya miezi 24. Hakuna daktari atakayekuhakikishia nyonga za mtoto wa wiki 8. Wa mwaka na nusu unampeleka kliniki yenye mashine, unalipia picha, unajua. Hata bila picha, mtazame anavyoinuka asubuhi na anavyopanda ngazi.

Walioko Kenya wana East Africa Kennel Club pale Nairobi inayosajili mbwa, na karatasi ni kitu kizuri. Lakini karatasi haikwambii mbwa alikuwa analala wapi. England sheria iliyoanza Aprili 2020 inakataza maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto na mama yake pale alipozaliwa. Sisi tunaweza kujiwekea kanuni hiyo bila kusubiri Bunge. Anayetaka mkutane kituo cha mafuta, boksi liko kwenye buti, muage vizuri.

Kuhusu bei, usimkandamize mfugaji wa namna hii. Ndani ya bei yake kuna miezi ya chakula, chanjo zote, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, dawa za minyoo, na usiku ambao hukukesha wewe. Kadi ya chanjo iangalie tarehe, si mihuri tu. Ya kichaa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3 na kwetu hurudiwa kila mwaka.

Na swali la "atanizoea vipi" linajibika. Chukua gunia au kitambaa alichokuwa analalia na chakula kilekile cha wiki moja, kama ni dona na vichwa vya kuku basi iwe dona na vichwa vya kuku, tumbo lisivurugike. Siku za mwanzo usimfungulie, hata kama ukuta unauona mrefu, kwa sababu mbwa mkubwa akikumbuka kwao huondoka. Mlishe wewe mwenyewe. Usiite ukoo mzima kuja kumwona. Wengi siku chache za mwanzo hula kidogo na kulala sana; baada ya wiki chache wanakufuata mpaka mlango wa choo.

Kabla ya kulipa, andikianeni. Mimi huomba wiki 2 za majaribio, mbwa akishindwana na nyumba anarudi na pesa inarudi, ikikatwa gharama ya chakula tukikubaliana hivyo. Mfugaji aliyemlea mwenyewe kwa kawaida analitaja hilo kabla yako, maana anataka kujua mbwa wake ameangukia wapi. Anayesema mali ikishatoka haipokelewi, mshukuru kwa chai na utafute mwingine.