Nilivyopiga Tapeti Kinyumenyume

Kitabu cha sevisi kilisema kupiga tapeti, yaani kurekebisha nafasi ndogo kati ya valvu na roka (mikono midogo inayozisukuma), ni kazi ya muda wa saa mbili. Nilianza Jumamosi asubuhi na nikafunga kifuniko cha injini Jumatatu usiku, nikiwa na kovu moja la eksozi kwenye mkono.

Gari ni Beetle, limeandikwa mgongoni Volkswagen 1300, na kadi yake inasema 1966. Ukweli wake unaishia hapo. Nyuma kuna injini ya 1600 yenye matundu mawili ya hewa kwa kila kichwa cha silinda, kabureta mbili badala ya moja, kemu kali (shafti ya kufungulia valvu, inayozisukuma zaidi ya ile ya kiwandani), na sampu ya nyongeza, tangi la oili, iliyofungwa chini kama mfuko wa kangaruu. Mbele breki za dramu zimeondoka, zimekuja za diski. Umeme umetoka volti 6 kwenda 12, isipokuwa mota ya waipa ambayo mtu aliisahau. Mvua ikinyesha, waipa zinakimbia kama zimeiba.

Gari lililochezewa hivi halina kitabu. Lina vitabu vinne, na kila kimoja kinasema kweli kuhusu kipande chake na kudanganya kuhusu vingine vyote. Muuza spea alilielewa hilo kabla yangu.

"Gari gani?"

"Beetle."

"Ya mwaka gani?"

"Inategemea unauliza upande gani."

Akaweka kalamu chini. "Kaka, unataka nini?"

"Pedi za breki za mbele."

"Ya 1966 ina dramu mbele. Haina pedi."

"Yangu ina pedi."

"Basi si ya 1966."

Nikarudi, nikafungua tairi, nikatoa pedi ya zamani, nikampelekea ndani ya mfuko. Akailinganisha na aliyokuwa nayo, akanipa, yakaisha. Tangu siku hiyo sitaji tena jina la gari. Napeleka kifaa chenyewe.

Turudi kwenye tapeti. Ijumaa jioni niliiosha injini, maana injini safi huonyesha mahali oili inapovuja. Nilipiga picha ya "kabla", nikasugua kwa mafuta ya taa na brashi hadi bati la feni likarudi rangi yake. Palikuwa na michoro ya rangi nyeupe pembeni, ya mtu aliyekosa karatasi. Nikaisugua nayo ikatoka.

Jumamosi alfajiri injini ikiwa baridi, kama inavyotakiwa, nikaanza. Kwenye Beetle kifuniko cha valvu kinashikwa na waya wa springi: unausukuma chini kwa bisibisi nene, kinaachia, na oili kidogo inakudondokea kwenye kiwiko. Ukisimama nyuma ya gari ukitazama mbele, silinda 1 iko kulia upande wa mbele, 2 iko nyuma yake, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma. Unatoa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, unaweka spana ya 30 kwenye bolti ya puli ya chini, unazungusha hadi alama ya puli ilingane na mshono wa injini, huku rota ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ikielekea kwenye kijikato kilicho ukingoni mwake. Hapo, kwa mujibu wa kitabu, silinda 1 iko juu kabisa na valvu zake zote mbili zimefungwa. Unapima nafasi kwa fila, kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.15, unalegeza loknati kwa spana ya 13, unarekebisha skrubu kwa bisibisi, unakaza, unapima tena. Kisha unarudisha puli nyuma nusu mzunguko, unaenda silinda 2, halafu 3, halafu 4.

Rota ikatazama kijikato. Nikaingiza fila. Haikuingia hata ya 0.05. Roka ilikuwa imebana kabisa.

Fundi mwenye akili timamu angesimama hapo. Uzi wa skrubu ile una hatua ya milimita 1, yaani mzunguko mmoja mzima ni milimita nzima ya nafasi. Kwenye sevisi ya kawaida skrubu huguswa tu, haifiki hata robo ya mzunguko. Mimi nililegeza mzunguko mmoja na zaidi ndipo fila ikapita. Valvu ya pili hivyo hivyo. Zote nane hivyo hivyo. Nikamsikitikia mwenye gari aliyenitangulia kwa kuendesha injini iliyobanwa kiasi hicho. Nikarudisha plagi, nikafunga vifuniko kwa gasketi mpya za koki (gundi upande wa kifuniko tu, upande wa kichwa cha silinda acha kavu, la sivyo utaikwangua kwa kisu sevisi ijayo), nikawasha ili injini ipate joto la kumwagia oili.

Ilikuwa kama mtu anashusha kabati la sufuria kwenye ngazi. Jirani akatokea na mswaki mdomoni, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno.

Nikajiambia ni oili chakavu. Nikaweka beseni la lita 3 chini ya gari, kwa sababu kitabu kinasema injini hii inabeba lita 2.5, nikafungua nati ya sampu. Oili ikatoka, ikajaza beseni, ikapita ukingo, ikaendelea na safari zake sakafuni mimi nikiwa nimelala chali nimeziba tundu kwa kidole gumba. Nikamsikitikia tena yule mwenye gari: kumbe alikuwa anajaza kupita kiasi.

Nikafunga, nikamimina lita 2.5 kamili. Kijiti cha oili kikatoka kimelowa nchani tu, chini ya alama ya chini. Hapo akili yangu ikaruka moja kwa moja kwenye uvujaji. Nikaingia chini na tochi kutafuta. Sakafu ilikuwa tayari imelowa kila mahali, kwa hiyo ushahidi wa uvujaji ulikuwepo popote nilipomulika. Nusu saa nzima. Ndipo pua yangu ilipogusa ile sampu ya nyongeza, nikakumbuka kwamba mfuko nao huwa na kitu ndani. Lita 2.5 ni za injini tupu ilivyotoka kiwandani. Mfuko huu unabeba lita 1.5 nyingine. Nikaongeza, kijiti kikasoma alama ya juu. Sufuria zikaendelea kushuka ngazi.

Jumapili nikatoa plagi tena na kufanya kile kinachotakiwa kufanywa mwanzo kabisa kwenye injini usiyoijua. Nikaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi ya silinda 1, mkono mwingine ukizungusha puli. Pistoni ikipanda ikiwa kwenye kompresheni, yaani inabana hewa valvu zikiwa zimefungwa, hewa inakisukuma kidole kwa kishindo huwezi kuizuia. Nikasikia kishindo, nikafikisha alama ya puli, nikatazama rota.

Rota ilikuwa imekipa kijikato mgongo.

Aliyeijenga injini aliingiza gia ya kuendeshea distribyuta ikiwa imegeuka nusu duara. Badala ya kuitoa, alihamisha nyaya za plagi nafasi mbili mbele, na injini ikawaka vizuri kabisa, kwa sababu cheche haijali kijikato. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, hivyo 1 na 3 zinatazamana kwenye distribyuta, 4 na 2 vilevile. Rota ilipotazama kijikato, iliyokuwa kwenye kompresheni ni silinda 3. Silinda 1 nayo ilikuwa juu, lakini kwenye kupishana: valvu ya eksozi inamalizia kufunga, ya hewa inaanza kufunguka, zote mbili zimesukumwa kidogo na kemu. Kemu kali huzisukuma zaidi. Mimi nikaongeza 0.15 juu ya msukumo huo, na nikairudia kazi hiyo kwa uaminifu kwenye silinda zote nne. Kemu ilipogeuka, nafasi halisi ikawa zaidi ya milimita. Bahati tu hakuna pushirodi, fimbo inayopeleka msukumo wa kemu kwenye roka, iliyoruka kutoka kwenye kikombe chake.

Dawa haihitaji kijikato wala kitabu. Ukifika juu, tikisa puli huku na huku kidogo. Silinda ambayo roka zake zinachezacheza iko kwenye kupishana, iache. Ambayo roka zake zimetulia tuli, hiyo ndiyo ya kupima.

Nikapiga tapeti upya, zote nane, 0.15. Nikawasha. Kimya kizuri, sauti ya cherehani. Nikaenda kunawa. Niliporudi injini imepata moto, na ile sauti ya cherehani imegeuka kuwa ya mchapaji mwenye hasira.

Jumatatu nikatoa roka za upande mmoja, nati mbili za 13, nikachomoa pushirodi moja na kuigusa katikati kwa sumaku. Ikanasa. Za kiwandani ni bomba la alumini lenye ncha za chuma, sumaku haishiki katikati. Hizi ni za chuma tupu, imara kwa kemu kali, ila chuma hutanuka kwa joto karibu nusu tu ya alumini. Injini inarefuka, pushirodi inabaki nyuma, nafasi inakua. Ukianza na 0.15 ikiwa baridi, ikipata moto una nafasi kubwa na kelele. Pushirodi za hivi hupimwa kwa sifuri: injini baridi, unakaza skrubu hadi pushirodi izunguke kati ya vidole viwili bila kukwama, lakini ukiisukuma mbele na nyuma isicheze hata kidogo. Fila unairudisha kwenye boksi.

Saa tatu usiku injini ilikuwa ya moto na kimya. Nikachukua simu nipige picha ya "baada", niiweke kando ya ile ya "kabla". Nikaikuza ile ya kwanza nione uchafu ulivyokuwa. Pembeni mwa bati la feni, kwa rangi nyeupe na mwandiko mzuri tu, paliandikwa:

NO. 1 UPANDE WA PILI
TAPETI BARIDI SIFURI
OILI LITA 4

Mstari wa nne unaanza na USIFUNGUE KAMWE. Kilichofuata kimefunikwa na kivuli cha brashi yangu.